Pilipili nisiyoila imeniwasha, aliyeila ananikasirikia

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikirukaruka nivumilie.

Nafanya kazi kwenye kitengo chenye watu tisa. Miezi michache iliyopita ilitokea kazi ya dharura: hesabu za mwaka mzima zilikuwa zimevurugika na zilitakiwa ziwe zimenyooka ifikapo Jumatatu. Kazi hiyo aliifanya mtu mmoja, kijana ambaye ni mdogo kuliko sisi wote kwa umri na kwa cheo. Nitamwita mdogo wangu, maana ndivyo ninavyomchukulia. Jumamosi nilipita ofisini kuchukua chaja niliyoisahau, nikamkuta. Macho mekundu, shati lile lile la Ijumaa, makaratasi yametandazwa mpaka sakafuni. Alikuwa peke yake.

Posho ya saa za ziada ikatoka. Msimamizi akaigawa: fungu nono kwa watu wake wawili ambao hawakukanyaga ofisini siku hizo, na mdogo wangu akapewa kilichosalia. Karatasi ya mgao ilizungushwa tuisaini kama mashahidi. Kila mtu aliyasoma yale majina, na kila mtu akasaini. Ilipofika kwangu nikasema nitasaini baadaye, na mpaka leo sijasaini.

Mimi sikuwa na changu pale. Kazi sikuifanya, posho sikuidai. Lakini nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Kwenye kikao cha kitengo tulipofika kwenye mengineyo, nikanyoosha mkono nikasema: "Naomba kueleweshwa. Mbona aliyekesha amepewa makombo, na waliolala majumbani kwao ndio waliobeba posho? Hii ni haki?"

Chumba kizima kimya. Msimamizi hakunijibu mimi. Alimgeukia mdogo wangu, akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Kwani wewe una malalamiko?" Kijana akajibu huku anakunja kona ya daftari lake: "Hapana bosi, mimi niko sawa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipotoka alinifuata kwenye ngazi. Nikadhani anakuja kunishukuru. Akaniuliza, "Dada, nani alikutuma?" Akapita. Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ni ya mdomoni tu.

Wenzangu wawili walinitumia ujumbe usiku ule: "Umesema kweli tupu, tuko pamoja." Hao hao kwenye kikao walikuwa wameinamia simu zao. Mwingine anazunguka akisema nina kimbelembele, natafuta cheo. Na mama mmoja mtu mzima, ambaye namheshimu sana, aliniambia: "Yule naye mpole kupita kiasi, ndiyo maana anaonewa. Angekuwa mkali nani angemgusa?" Nilipofika nyumbani mume wangu akamalizia: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Mama, nimekosa nini? Mtu unamtetea halafu ndiye anayekununia! Na hawa wenzangu ni watu wa namna gani? Mwezi ujao inakuja kazi nyingine ya dharura, msimamizi ni yule yule, na nasikia majina ya wapokeaji posho yameshapangwa. Niseme tena au nijikalie kimya kama wengine?

Ni mimi,
Niliyewashwa

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na mumeo na methali yake, halafu nimwache apumzike. Swali hilo la pilipili limewahi kuwashughulisha hata wanauchumi, ila wao walilipima kwa pesa. Mwaka 2004 Ernst Fehr na Urs Fischbacher wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha matokeo ya mchezo wa watu watatu. Wa kwanza anapewa pointi 100 na hiari ya kumgawia wa pili, ambaye hana kitu wala hana usemi. Wa tatu ana pointi zake 50 na kazi yake ni kutazama. Mgao ukimchukiza, anaruhusiwa kutoa pointi zake mwenyewe ili kumkata yule wa kwanza: akitoa 1, mwenzake anapoteza 3. Pointi hizo ziligeuzwa kuwa pesa taslimu mwishoni, kwa hiyo kila aliyejiingiza alijipunguzia mfukoni. Akinyamaza anaondoka na 50 zake salama. Pamoja na hayo, wa kwanza alipotoa chini ya nusu, watu kama 60 katika kila 100 waliokaa kwenye kiti cha tatu walilipa ili kumwadhibu. Na kadiri mgao ulivyozidi kuwa mbaya, ndivyo walivyolipa zaidi. Watoto wa miaka 6 nao wamejaribiwa kwa peremende, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2015: walikubali kupoteza peremende zao ili mtoto mchoyo wasiyemjua asifaidi uchoyo wake.

Basi usikubali kuambiwa una kasoro kwa sababu uliwashwa. Mumeo naye angewashwa kama ndiye angelikuta lile shati la Ijumaa. Aliyesimuliwa huumia kidogo kuliko aliyeona.

Sasa tuje kwa mdogo wako, maana hapo ndipo barua yako iliponishika.

Unashangaa kwamba uliyemtetea ndiye anayekununia. Mimi sishangai, na nitakuambia kwa nini. Mwaka 2014 Oriel FeldmanHall na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walitoa utafiti ambao kila mtu mwenye moyo kama wako angefaa kuujua. Waliwaweka watu kwenye mgao wa pesa usio wa haki, kisha wakawapa njia kadhaa za kurekebisha. Njia moja ilikuwa mpunjwaji aongezewe chake, aliyempunja abaki na alichonacho. Nyingine ilikuwa kugeuza mgao wenyewe, aliyepunja apate kile kidogo alichokuwa amemwachia mwenzake. Waliopunjwa wenyewe, wengi wao walipendelea kuongezewa chao yaishe. Hawakuwa na haja kubwa ya kumwona mwenzao akilia. Lakini watu hao walipopewa kazi ya kuamua kwa niaba ya mtu mwingine aliyepunjwa, wakawa wepesi zaidi kuchagua ile njia inayomwadhibu mkosaji.

Soma hapo tena, halafu rudia maneno yako ya kikaoni. Ulisema aliyekesha amepewa makombo, ukasema waliolala ndio waliobeba, ukauliza kama hiyo ni haki. Maneno yote makali, na yote kweli. Lakini yaliwahusu kina nani? Yalimhusu msimamizi na vipenzi vyake. Hakuna mahali uliposema kijana aongezewe kiasi fulani, au kazi yake iandikwe kwa jina lake, au mgao urudiwe. Ulitaka waliokosea waumbuke. Kijana huenda alitaka pesa yake tu, na bado alikuwa anapiga hesabu ya namna ya kuiomba bila kumkera mtu anayepanga ratiba yake, likizo yake na tathmini yake ya mwisho wa mwaka. Njia hiyo sasa imefungwa.

Halafu angalia lile swali la msimamizi. Huyo bwana ni mjanja. Wewe ulimuuliza yeye, yeye akaligeuza swali likamwangukia mnyonge kuliko wote chumbani, mbele ya macho ya kila mtu. Kijana alilazimika kuchagua hapo hapo kati yako na mkate wake. "Niko sawa" ya namna ile haithibitishi kwamba hakuumia, na wala haina maana kwamba amekukana. Ni jibu la mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Kona ya daftari aliyokuwa anaikunja ilikuwa inasema ukweli zaidi ya mdomo wake, na naona wewe mwenyewe uliiona, ndiyo maana umeiandika.

Na "nani alikutuma?" umeisikia kama tusi. Mimi naisoma kama swali, tena lenye hofu ndani yake. Jiweke kwenye kiti cha msimamizi. Huyu dada amejuaje kwamba kijana alikesha? Jibu la kwanza litakalomjia ni kwamba kijana amekwenda kulalamika pembeni na kumtafuta mtu wa kumsemea. Msimamizi hajui habari ya chaja yako. Kwa hiyo tangu siku ile kijana anatembea na shutuma ya uchongezi ambao hakuufanya, na hawezi kujitetea kwa sababu hakuna aliyemshtaki waziwazi. Juu ya hapo kuna aibu. Kabla ya kikao angeweza kujifanya hakuona kwamba amepunjwa. Sasa watu tisa wanajua kwamba ameona, na wamemsikia akisema yuko sawa.

Usinielewe vibaya. Sisemi ungenyamaza. Nasema ulikwenda kumpigania mtu bila kumuuliza anataka nini, na hilo linarekebishika. Siku utakayomkuta peke yake, bila kumkimbiza wala kumwandikia ujumbe wa kurasa tatu, mwambie kwa ufupi: "Sikukuuliza kabla ya kusema, na swali la bosi likakuangukia wewe. Nitamwambia kwamba hukunituma." Kisha muulize yeye angependa jambo hili liishe vipi, na unyamaze usikilize. Anaweza kusema anataka salio lake. Anaweza kusema anataka tu ijulikane kwa maandishi kwamba zile hesabu alizinyoosha yeye, maana ana ombi la kupandishwa cheo. Anaweza pia kukuambia umwache. Akisema umwache, mwache, hata kama roho inakuuma.

Halafu nenda kwa msimamizi, mlango ukiwa umefungwa, umweleze jambo moja tu: kwamba uliyoyasema uliyaona kwa macho yako Jumamosi ulipofuata chaja, hukuambiwa na mtu. Usiongeze la posho hapo. Safari hiyo ni ya kumtoa kijana kwenye shutuma, na ukichanganya mambo mawili msimamizi atalishika lile linalomfaa yeye.

Sasa wenzako. Umeuliza ni watu wa namna gani, na nahisi jibu unalolitaka ni "waoga". Siwezi kukupa jibu hilo kwa urahisi. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley walimweka mtu chumbani ajaze fomu, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 katika kila 100 walitoka kwenda kutoa taarifa. Lakini walipowekwa na watu wawili waliopangwa na watafiti wajifanye hawaoni kitu, ni 10 tu katika kila 100 waliotoka. Wengine waliendelea kuandika huku wanakohoa na kupepea moshi usoni! Mtu mmoja mmoja wala hakuwa mbaya. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona ametulia, akajiambia basi si jambo kubwa. Kikao chenu kilikuwa na moshi wa namna hiyo. Wale wawili walioinamia simu walikuwa wanatazamana kwa kutotazamana, na walipokuwa peke yao usiku ndipo kila mmoja akakiri kwamba ameona.

Tena si kweli kwamba binadamu ni wa kutazama tu. Richard Philpot na wenzake walichunguza picha za kamera za barabarani kutoka Lancaster, Amsterdam na Cape Town, ugomvi 219 wa hadharani, na matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika ugomvi 9 kati ya 10 alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyejiingiza kusaidia: kumshika mgomvi, kukaa katikati, kumtuliza aliyeumia. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba barabarani ngumi inaonekana na mgomvi si bosi wako. Dhuluma ya karatasi, iliyopigwa mhuri na kusainiwa, inampa kila mtu nafasi ya kujidanganya kwamba labda kuna maelezo asiyoyajua.

Anayekusema kimbelembele yuko kwenye kundi jingine. Yeye alisaini, wewe hukusaini. Mwaka 2008 Benoît Monin na wenzake walionyesha jambo ambalo wengi tunalijua kwa uzoefu: mtu anayekataa kushiriki ubaya hupendwa na wale ambao hawakuhusika, lakini huchukiwa na wale ambao tayari wameshashiriki. Kukataa kwake ni kama kuwaambia kwamba nao wangeweza kukataa. Kila akikuona anaikumbuka kalamu yake. Huna dawa ya hilo, na usijibizane naye. Ingawa, kwa haki yake, hajakosea kabisa anaposema mtetezi hupata sifa. Utafiti wa Jillian Jordan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kwamba mtu anayejigharimu kumwadhibu mdhulumu huaminiwa zaidi na wanaomtazama. Ila palipokuwa na nafasi ya kusaidia moja kwa moja, msaada ndio uliojenga imani zaidi kuliko adhabu. Uhesabu huo pia.

Yule mama mtu mzima ndiye aliyenikasirisha mimi. Kusema "mpole kupita kiasi, ndiyo maana anaonewa" ni kumhamishia mgonjwa kosa la ugonjwa. Melvin Lerner na Carolyn Simmons walilikuta hilo tangu mwaka 1966: watu waliomtazama mwenzao akiumizwa bila kosa, na wasiwe na uwezo wa kumsaidia, walianza kumwona kwamba ana thamani ndogo. Inatuuma kuamini kwamba mtu mwema anaweza kupunjwa bure, kwa hiyo tunamtafutia dosari. Mheshimu mama huyo kwa mengine yote. Akirudia maneno hayo mbele yako, muulize tu kama posho hugawiwa kwa ukali au kwa saa za kazi.

Tufike kwenye mwezi ujao. Sema, lakini sema mapema, na useme kuhusu utaratibu badala ya watu. Kosa la mara iliyopita lilikuwa la wakati pia: pesa ikishagawiwa, kila senti utakayoigusa iko mfukoni mwa mtu mwenye jina, na atakuona unamwibia. Kabla kazi haijaanza pesa haina mwenyewe. Omba kwenye kikao kuwe na daftari la kuingia na kutoka kwa wote watakaofanya kazi ya ziada, na posho ifuate saa zilizoandikwa. Usitaje kazi iliyopita. Msimamizi akikuuliza unamsemea nani, jibu lako ni kwamba unajisemea wewe, kwa sababu kazi ijayo unaweza kuwa wewe. Hapo huhitaji ruhusa ya kijana, maana jambo hilo ni la watu wote tisa na wewe ni mmoja wao. Kuhusu salio lake la zamani unamhitaji yeye aseme. Kuhusu daftari la kesho, humhitaji.

Na usiende mikono mitupu. Wajibu wale wawili waliokutumia ujumbe, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuwasuta kwa ukimya wao. Mwombe kila mmoja jambo dogo linaloeleweka: "Nikileta hoja ya daftari, utasema naunga mkono?" Maneno mawili tu. "Tuko pamoja" ya usiku haimgharimu mtu chochote, lakini hata aliye mwoga anaweza kumudu maneno mawili akijua kwamba mwenzake naye ameahidi kuyasema. Kwenye chumba cha watu tisa, sauti tatu zikifuatana, msimamizi hatapata tena nafasi ya kumgeukia mnyonge mmoja.

Ile karatasi ya zamani usiisaini. Wakikubana, andika chini yake ulichokishuhudia na usichokishuhudia, weka tarehe, ubaki na nakala.

Msimamizi akikataa daftari bila sababu, iandikieni idara ya utumishi barua fupi ya kuomba utaratibu wa posho uwekwe kwa maandishi. Wale wawili wakiogopa kuweka majina yao, weka lako peke yako, na jina la mdogo wako lisionekane popote humo.